Mauntingi za Shokapu za Mbele: Ukaguzi na Ubadilishaji Wake katika Barabara za Jinja na Mbale

Magari mengi madogo yanayotumika Jinja, Mbale na miji iliyo kati yake huingia Uganda kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi, na ingawa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza gari lililofikisha umri wa miaka 15, gari la miaka 12 au 13 bado hufika likiwa na raba zilizokwisha kuzeeka. Miongoni mwa raba hizo, inayosahauliwa kuliko zote ni ile iliyo juu ya shokapu za mbele, ambayo mafundi huiita mauntingi. Desturi ya gereji nyingi ni kubadilisha shokapu, bushi na boljointi, kisha kuirudisha mauntingi ileile ya zamani juu ya shokapu mpya kwa kuwa kwa macho bado inaonekana nzima, na matokeo yake ni kwamba mwenye gari hurudi baada ya wiki chache akilalamikia kishindo kilekile kilichomleta mara ya kwanza, huku fedha zikiwa zimekwisha. Makala haya yanatetea utaratibu ulio kinyume cha desturi hiyo, yaani mauntingi ikaguliwe kabla ya kipuri chochote cha bei kubwa kununuliwa, na shokapu ikishafunguliwa kwa ajili ya kubadilishwa, mauntingi kuukuu isirudishwe.

Ili ukaguzi ufanyike kwa akili, inafaa kwanza kuelewa kazi ya kifaa chenyewe. Mfumo unaozungumziwa hapa ulibuniwa na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson katika miaka ya 1940, na ukapata umaarufu kupitia magari ya Ford Consul na Zephyr yaliyooneshwa London mwaka 1950. Katika mfumo huo shokapu na springi huunganishwa kuwa nguzo moja, ambayo chini hufungwa kwa bolti kwenye chuma kinachobeba gurudumu na juu huingia kwenye mnara wa bodi, yaani ile sehemu ya bati nene iliyoinuka chini ya boneti upande wa kulia na wa kushoto wa injini. Kwa kuwa hakuna mkono wa juu unaolishika gurudumu, ncha ya juu ya nguzo hiyo ndiyo bawaba ambayo gurudumu zima huzungukia dereva anapokata kona, na bawaba hiyo ndiyo mauntingi. Ni bamba la chuma lenye bolti ndogo, mara nyingi tatu, lililogandishwa kwenye raba nene yenye tundu la kupitishia fimbo ya shokapu, na chini yake, au ndani yake katika miundo mingine, hukaa beringi inayoruhusu springi kuzunguka pamoja na gurudumu huku bodi ikibaki imetulia, kama jiwe la juu la kusagia linavyozunguka juu ya lile la chini.

Mzigo wake si mdogo. Gari la kilo 1,200 ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele huweka takriban kilo 360 juu ya kila gurudumu la mbele, na sehemu kubwa ya uzito huo hupitia kwenye mauntingi kabla ya kufika ardhini, tena gurudumu linapopiga ukingo wa shimo mzigo huo huongezeka mara kadhaa kwa muda mfupi sana. Corolla, Premio, Wish, RAV4, Harrier na Subaru Forester zote zimejengwa kwa utaratibu huu. Hiace za abiria ni tofauti, kwa sababu mbele zina mikono miwili kila upande na vyuma vya kujinyonga badala ya springi za koili, na shokapu zake zina bushi tu juu bila beringi, hivyo maelezo ya beringi yatakayofuata hayazihusu.

Barabara za mashariki ya Uganda huua mauntingi kwa namna zaidi ya moja. Kwenye barabara kuu inayotoka Jinja kwenda Iganga, inayopita kando ya mashamba ya miwa ya Kakira na kubeba malori ya shehena ya kwenda Busia na Malaba, adui mkubwa ni matuta yaliyojengwa kwenye vituo vya biashara. Wengi hudhani kwamba madhara hutokea gurudumu linapopanda tuta, lakini kwa gari linalokwenda kasi madhara zaidi hutokea linaposhuka, kwa sababu hapo gurudumu huning'inia ghafla, fimbo ya shokapu hufika mwisho wake na kuivuta raba ya mauntingi kuelekea chini, na raba iliyogandishwa kwenye chuma huhimili kubanwa kwa muda mrefu kuliko inavyohimili kuvutwa. Upande wa Mbale hali hubadilika. Barabara za murami zinazopanda miteremko ya Elgon katika vijiji vya Bududa na Wanale huwa na mikunjo midogomidogo inayolitikisa gurudumu bila kupumzika, kona zake huilazimisha beringi kuzunguka ikiwa imeelemewa na mzigo, na vumbi lake jekundu hupenya kwenye beringi na kuchanganyika na grisi mpaka grisi inakuwa kitu cha kusaga badala ya kulainisha. Kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunika nati ya katikati juu ya mnara, ile inayoishika fimbo ya shokapu, na ambacho hupotea mara ya kwanza gari linapofunguliwa na hakuna anayekitafuta, ndicho kinga ya kwanza dhidi ya vumbi hilo na dhidi ya maji ya mvua yanayochuruzika kutoka kwenye kioo cha mbele. Magari yaliyozama wakati mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 yanastahili kutajwa peke yake: gari lolote ambalo maji ya matope yalifika kwenye boneti linapaswa kufunguliwa beringi za juu hata kama halipigi kelele, na anayenunua gari la mtumba Mbale ana haki ya kuuliza kama liliwahi kuzama.

Dalili ya kwanza ya mauntingi iliyochoka ni kishindo kizito, kisicho cha chuma kitupu, kinachosikika chini ya boneti karibu na miguu ya dereva gurudumu moja linapoingia shimoni, na ambacho mara nyingi huhisiwa kwenye sakafu kabla hakijasikika masikioni. Dalili ya pili inahusu beringi: usukani huwa mzito, hukwamakwama katikati ya mzunguko, au haurudi wenyewe baada ya kona, na gari likiwa limesimama usukani ukizungushwa husikika mlio wa "tang" kutoka upande mmoja. Mlio huo una maana mahususi. Beringi ikishakwama, springi hushindwa kuzunguka pamoja na gurudumu, hujinyonga kidogo kidogo, kisha huruka kwa ghafla na kurudi mahali pake. Tairi kulika upande wa ndani au wa nje, na gari kuvutia upande mmoja, ni dalili pia, lakini husababishwa na mambo mengi mengine na hazitoshi peke yake kuihukumu mauntingi.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu upande wa mbele wa gari una viungo vingi vinavyogonga. Linki ya stabilaiza, ile fimbo fupi inayounganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, ikilegea hugonga harakaharaka kwenye mawe madogo gari likienda polepole, na njia rahisi ya kuithibitisha ni kuifungua upande mmoja, kuifunga pembeni isiguse kitu, na kuliendesha gari taratibu mita chache mahali pasipo na magari; kelele ikitoweka, mauntingi haina hatia. Boljointi hupimwa kwa kulinyanyua gurudumu na kuliinua kwa mtaimbo kutoka chini, na tairodi kwa kulishika tairi kulia na kushoto na kulisukasuka. Bushi za mkono wa chini hugonga zaidi wakati wa kufunga breki na kuondoka. Shokapu iliyokufa huonesha mafuta yaliyochuruzika mwilini mwake, au huliacha gari likinesanesa baada ya tuta badala ya kutulia mara moja. Anayefuata mpangilio huu hatapoteza zaidi ya saa moja, na saa hiyo ni nafuu mno kuliko jozi ya shokapu zisizohitajika.

Ukaguzi wa mauntingi yenyewe huanza gari likiwa chini, kwenye saruji au lami iliyo sawa, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Boneti hufunguliwa, kifuniko cha plastiki hung'olewa kwa bisibisi, na vumbi huondolewa kwa brashi kavu ili raba ionekane. Raba nzima ni nyeusi iliyokolea na imeshikana na chuma pande zote; raba iliyochoka huonesha nyufa zinazozunguka tundu la katikati, au mstari mwembamba ulio wazi mahali ilipoachana na bamba, na mstari huo ndio wa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu nyufa za juujuu huenda ni za uzee tu lakini raba iliyokwisha kubanduka haina tena kinachoishikilia. Kisha mtu mmoja huweka kidole juu ya nati ya katikati huku mwingine akilisukuma gari chini kwa nguvu kwenye kona ya mbele na kuliachia. Nati ikiruka au ikihama pembeni waziwazi, raba imekwisha. Wakati mwingine hugundulika kwamba nati imelegea tu, na kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu yoyote inafaa kujaribu kuikaza, kwani kazi ya dakika tano huenda ikamaliza malalamiko ya miezi.

Beringi hupimwa kwa mkono na sikio. Msaidizi huwasha injini na kuuzungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kulia hadi wa kushoto, huku mkaguzi akiuegesha mkono upande wa nje wa springi bila kuingiza vidole katikati ya koili zake. Springi inapaswa kuzunguka kwa utulivu pamoja na gurudumu. Ikisitasita na kuruka, au ikitoa mchakacho unaosikika hadi kwenye kiganja, beringi imejaa kutu au vumbi. Jambo moja huwapotosha hata mafundi wazoefu: gari likinyanyuliwa kwa jeki, fimbo ya shokapu hushuka na mwanya kati ya raba na bamba la juu huongezeka, jambo ambalo ni la kawaida katika magari mengi na halimaanishi uharibifu. Kinachofaa kulinganishwa ni upande wa kulia na wa kushoto katika hali ileile, na tofauti kubwa kati yake ndiyo inayosema.

Suala linalohitaji kusemwa wazi katika mashariki ya Uganda ni lile la spesa, yaani vipande vya raba au chuma vinavyowekwa kati ya mauntingi na bodi, au kati ya koili za springi, ili gari liinuke. Sababu yake inaeleweka kabisa, kwa kuwa gari dogo linalobeba abiria wengi pamoja na magunia ya kahawa au ndizi kwenye barabara zenye mawe hugusa chini. Lakini spesa hulishusha gurudumu kutoka mahali lilipokusudiwa, hubadilisha pembe ya boljointi na ya ekseli inayozungusha gurudumu, na zile za kati ya koili huifanya shokapu ifike mwisho wa fimbo yake mapema zaidi kila gurudumu linapoteremka tuta, hivyo ile nguvu ya kuivuta raba iliyoelezwa hapo juu huongezeka kila siku. Zile zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu ni mbaya zaidi, kwa sababu hazibanwi sawasawa pande zote, na bolti ndogo za mauntingi zinazopita ndani yake hubaki zikiwa zimeshikwa na nyuzi chache tu za nati. Mwenye gari ambaye lazima abebe mzigo kila siku angefaidika zaidi kwa springi ngumu zilizotengenezwa kwa gari lake, na kama hana uwezo huo, kwa kupunguza mzigo. Katika ukaguzi, spesa yoyote iliyokutwa ifunguliwe na kilicho chini yake kitazamwe, kwani mara nyingi huficha bati la mnara lililoanza kupasuka kuzunguka matundu ya bolti. Bati lililopasuka si kazi ya mauntingi tena bali ya fundi wa kuchomelea anayelijua gari, na gari hilo lisitembee mpaka litengenezwe.

Katika kununua, namba ya chesisi iliyopigwa kwenye gari ndiyo mwongozo bora kuliko jina la gari, kwa sababu Corolla za miaka inayofuatana zinaweza kuwa na mauntingi tofauti, na katika magari mengine ya kulia si ya kushoto. Vipuri vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Japani, ambavyo hupatikana kwa wingi katika masoko ya Kampala kama Kisekka na kusambazwa hadi Jinja na Mbale, vina sifa nzuri kwa vyuma, ila kwa raba sifa hiyo haifuati, kwa kuwa raba huzeeka hata ikiwa imekaa tu rafuni. Mauntingi mpya ya kampuni inayojulikana, iwe ya Toyota yenyewe au ya watengenezaji wa shokapu kama Kayaba, ndiyo chaguo linalopendekezwa hapa bila kusita. Atakayenunua iliyotumika kwa kukosa njia aizungushe beringi kwa vidole akiikandamiza, aikatae ikikwaruza, kisha aikunje raba kidogo na kuangalia kama mipasuko inafunguka. Zinunuliwe mbili, kwa sababu zote mbili zimepita barabara moja kwa miaka ileile.

Kazi ya kubadilisha ina hatari moja kubwa inayopaswa kutangulia maelezo yote. Springi iliyo kwenye shokapu imebanwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa watu kadhaa, na kinachoizuia isifyatuke ni ile nati moja ya katikati. Nati hiyo haifunguliwi kamwe kabla springi haijakandamizwa kwa kifaa chake, yaani skrubu ndefu mbili zenye kulabu zinazoshika koili. Kuifunga springi kwa waya, mnyororo au kamba ya mkonge, kama inavyoonekana katika baadhi ya gereji za kando ya barabara, ni kucheza na macho na meno ya fundi, na mwenye gari ana wajibu wa kukataa kazi hiyo ifanywe kwa gari lake.

Nati za magurudumu hulegezwa gari likiwa chini, kisha gari hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi za chuma, si juu ya mawe wala rimu zilizopangwa. Gurudumu likitoka, waya wa kihisio cha breki na paipu ya breki hutolewa kwenye vishikizo vyake ili visivutwe, na linki hufunguliwa. Kabla ya kugusa bolti mbili kubwa za chini, alama huwekwa kwa rangi kuzunguka vichwa vyake, kwa kuwa katika magari mengine bolti hizo ndizo zinazoamua mlalo wa gurudumu. Zikitoka, nguzo ishikwe kwa mkono wakati nati tatu za juu zinafunguliwa, isije ikaanguka na kuivuta paipu ya breki. Nguzo ikiwa mezani, vikandamizi viwili huwekwa vikielekeana pande mbili za springi na kukazwa kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, kwa spana ya mkono na si kwa mashine, mpaka springi icheze kwenye kikalio chake. Hapo ndipo nati ya katikati hufunguliwa, fimbo ikizuiwa isizunguke kwa spana inayoingia kwenye ncha yake. Fimbo hiyo isibanwe kwa koleo, kwa maana mkwaruzo mmoja kwenye chuma chake kinachong'aa utakata sili na kuiua shokapu.

Vipande hupangwa mezani kwa mfuatano vilivyotoka: nati, mauntingi, beringi, kikalio cha juu cha springi, raba ya kikalio, raba ya kuzuia kishindo na mfuko wa vumbi. Mfuko uliochanika na raba ya kuzuia iliyokuwa unga vibadilishwe papo hapo. Katika kurudisha, ncha ya chini ya springi lazima ikae kwenye shimo lake, na kikalio cha juu cha Toyota nyingi kina alama ya OUT ambayo huelekezwa nje ya gari. Alama hiyo ikipuuzwa springi itakaa upande na usukani hautakuwa sawa hata mauntingi ikiwa mpya. Nati ya katikati iwe mpya. Bolti ndogo za juu hukatika zikikazwa kwa hasira, ilhali zile kubwa za chini huhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo vipimo vya kitabu cha gari na spana inayoonesha kipimo cha kukaza si anasa. Nati za magurudumu kwa Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa newtoni mita 103, gari likiwa limeshashuka chini. Grisi kidogo huwekwa juu ya nati ya katikati, na kifuniko cha plastiki hurudi mahali pake; kikiwa kimepotea, kinunuliwe kingine.

Kazi ikikamilika, usukani huzungushwa mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho ili springi zikae vyema, na gari hupelekwa kwenye mashine ya kupanga magurudumu, kwani alama za rangi hulirudisha gurudumu karibu na mahali pake lakini si mahali penyewe, na tairi mbili za mbele zinaweza kulika kwa miezi michache kwa kuokoa gharama hiyo. Baada ya kilomita mia moja hivi, hasa kwa gari lililopanda Bududa au kupita mashimo ya njia za mashamba ya miwa, nati tatu za juu za kila upande, bolti mbili za chini na nati za magurudumu hupimwa tena kwa spana gari likiwa limepoa.